Mahindi Yaliyovishwa Chandarua

Mwanzoni mwa mwaka 2008 shule yetu ilipokea wasichana ambao hawakuwa na hata kitabu kimoja. Wengi wao walitoka upande wa Endebess na vijiji vilivyo chini ya Mlima Elgon, ambako watu walikuwa wamehama kwa sababu ya vurugu za uchaguzi na za ardhi. Walikuja kukaa kwa shangazi, kwa mjomba, kwa jamaa yeyote aliyekuwa na nafasi ya godoro sakafuni. Shule yenyewe ilikuwa ya kutwa, ya wasichana, iko ndani ndani ukiiacha Kamukuywa ukielekea Tongaren, na kabla ya hapo tulijiona maskini. Wasichana hao walipoingia darasani wakakaa wima, mikono mitupu juu ya dawati, tukajua kumbe tulikuwa na mali.

Nilikuwa nikifundisha Biolojia. Hata kabla ya wageni kuja, kitabu kimoja kilisomwa na kikundi kizima. Baada yao kikawa kinakaa katikati ya meza kama sufuria ya githeri, kila mtu akinyoosha shingo, na aliyekaa upande wa pili akisoma maneno yakiwa miguu juu. Mwalimu mkuu wetu, mama mnene mwenye sauti ya upole ambaye hakuna aliyewahi kumkatalia jambo, akapita dirishani akaliona hilo. Siku hiyo hiyo akaniita ofisini.

"Madam," akasema, "nasikia ati kwa intaneti kuna masomo ya bure. Notisi, picha, mitihani, kila kitu. Ni ukweli?"

Nikamwambia mimi pia nimesikia.

"Basi si uende Kitale uangalie? Wewe ndiye kijana hapa."

Nilikuwa nimeshapita miaka thelathini, tena mama wa watoto, lakini katika chumba chetu cha walimu hiyo ilitosha kuitwa kijana. Intaneti yenyewe nilikuwa nikiitumia kumwandikia dada yangu aliyekuwa ng'ambo, basi. Nilikubali papo hapo. Napenda kutumwa kazi ambayo hakuna mtu anayejua inavyofanywa, kwa sababu hakuna atakayesimama nyuma yako kukusahihisha.

Duka la intaneti nililolizoea Kitale lilikuwa ghorofani, juu ya duka la pembejeo, kwa hiyo ukipanda ngazi ulikuwa ukinusa mbolea na dawa ya ng'ombe. Mwenyewe alikuwa mama wa makamo ambaye wazazi wake walihamia Trans-Nzoia kutoka upande wa kati wa nchi na kununua shamba yeye akiwa mtoto. Majirani walimcheka alipouza ng'ombe wa maziwa akanunua kompyuta. "Wacha wacheke," alikuwa akisema. "Hizi hazihitaji nyasi."

"Sasa, mwalimu," akanisalimia. "Leo pia ni barua kwa dada?"

"Leo natafuta masomo ya watoto. Ya bure."

"Ya bure ni mengi sana," akasema, akinivutia kiti. "Shida iko hapo."

Sikumwelewa. Aliniketisha, akanionyesha jinsi ya kufungua kurasa kadhaa kwa pamoja ili moja ikikawia nisome nyingine, maana wakati huo picha ilikuwa ikijitokeza polepole kutoka juu kwenda chini kama mtu anayevua blanketi kwenye baridi. Nikaanza kutafuta. Ee Mungu wangu! Moyo wa binadamu ulikuwapo, umepasuliwa katikati na kupakwa rangi. Jani lilikuwapo, na ndani ya jani seli, na ndani ya seli vitu ambavyo mimi mwenyewe nilikuwa nimevichora ubaoni kwa chaki nyeupe miaka yote hiyo bila kuviona. Nilijisikia kama mtu aliyeachiwa duka bila muuzaji. Nikaokota kila kitu. Flashi niliyobeba ya kuhifadhia kurasa ilipojaa, mama akaniuzia nyingine, na hiyo nayo nikaijaza.

Shuleni kulikuwa na printa moja, ya karani, nayo ilitoa rangi nyeusi tu. Tuliitesa. Karatasi zilitoka zikiwa bado zina joto, tukazibana kwa stepo, nikaingia darasani nimezikumbatia kifuani kama mtu aliyetoka mavunoni. Wasichana walipiga makofi. Mwalimu mkuu alisimama mlangoni akitabasamu. Ninaikumbuka asubuhi hiyo vizuri kwa sababu furaha yake haikudumu.

Katika chumba cha walimu, meza yangu ilipakana na ya mwalimu wa Hisabati. Alikuwa mzee wa Bungoma, amebakisha muda mfupi astaafu, mtu wa koti la kijivu na maneno machache. Alichukua seti moja ya zile karatasi, akavaa miwani, akasoma huku akinywa chai. Kisha akanigeukia.

"Madam, hii inasema mwanafunzi atoke nje baada ya theluji kuyeyuka, ahesabu maua ya kwanza."

"Wapi?"

"Hapa. Na hii nyingine inamtaka apime joto la bwawa kwa chombo ambacho hata pale chuoni sikukiona. Na hii picha ya moyo, bana, mshipa wa damu safi na mshipa wa damu chafu yote ni myeusi. Mtoto atajuaje?" Akaweka karatasi chini taratibu. "Wahenga walisema rahisi huvunja upishi. Sasa hii si rahisi tu, ni ya bure kabisa."

Niliudhika. Lakini kipindi changu kilichofuata, katika kidato cha tatu, msichana mmoja aliinua mkono. Alikuwa mmoja wa wale waliotoka Endebess, mrefu, mkimya, mwenye tabia ya kusoma kitu mpaka mwisho kabla ya kusema lolote. Vitabu vyake vyote vilibaki katika nyumba ambayo haikuwapo tena.

"Madam," akasema, "hii karatasi inatuambia twende msituni tuokote mbegu za mti ambao siujui. Nikikosa huo mti, nimefeli?"

Darasa likacheka. Yeye hakucheka. Alikuwa ameuliza kwa dhati, kwa sababu zile karatasi ndizo zilikuwa kitabu chake cha pekee, na alizichukulia kama kitabu.

Nilirudi chumba cha walimu nikamwambia mzee wa Hisabati, "Basi nisaidie."

Nilidhani atakataa. Badala yake alivuta kiti karibu. Tukaanza kuzipitia karatasi moja moja, yeye akiuliza, mimi nikijibu. Ni nani aliyeandika hii, na anajulikana kwa kazi gani? Iko kwenye silabasi yetu, au tunamjaza mtoto mambo ambayo hataulizwa? Vifaa vinavyotajwa, vinapatikana jikoni kwao au shambani? Ikichapishwa kwa wino mweusi, bado inaeleweka? Kadiri tulivyouliza, ndivyo rundo la kutupwa lilivyopanda na rundo la kubaki likabaki dogo kama la mkaa wa mwisho wa gunia. Lakini yaliyobaki yalikuwa mazuri kweli kweli. Kulikuwa na maelezo ya figo ambayo hata leo nayatumia.

Swali la mwisho lilikuwa la mzee. "Sisi wawili tumeenda chuo," akasema. "Tukisoma tunaelewa hata penye makosa, kwa sababu tunajua kilichokusudiwa. Mpe mtoto asiyejua. Mpe, halafu unyamaze."

Hivyo ndivyo tulivyoanza kuonja. Ndilo neno wasichana wenyewe walilolichagua: kama mpishi anavyoonja mchuzi kabla haujapakuliwa. Kila Ijumaa baada ya masomo, waliotaka walibaki, nikawagawia nilichopata Kitale juma hilo, nikaenda kukaa nyuma na kufunga mdomo. Walisoma wawili wawili. Kisha walisimama mbele na kusema: hii ipite, hii isipite, na sababu yake. Haikukubaliwa mtu kusema "ni nzuri" tu. Ilibidi aseme ni nini alichokijua sasa ambacho hakukijua wakati anaketi.

Walikuwa wakali. Sikutegemea kama wangekuwa wakali vile. Kuna mtandao mmoja uliokuwa na mchezo wa maswali, wenye rangi na nyota za pongezi, niliokuwa nimeupenda sana. Waliukataa kwa sababu ukijibu vibaya ulikuambia umekosa lakini haukukuambia kwa nini. Ukurasa mwingine waliukubali ingawa ulikuwa mbaya kwa sura, maandishi yamebanana, kwa vile aliyeuandika alieleza kila hatua "kama mtu anayekuonyesha njia huku mnatembea pamoja." Maneno hayo yalikuwa ya yule msichana mrefu wa Endebess. Bila mtu yeyote kumteua, yeye ndiye aliyekuwa akisubiriwa aseme mwisho.

Mwezi wa sita nikaleta ukurasa juu ya maua na uchavushaji. Ulitoka kwenye mtandao wa mwalimu mmoja mstaafu wa nchi ya mbali, ambaye aliweka masomo yake yote hapo ili watoto wa dunia wayasome bure. Mimi na mzee tulikuwa tumeshapitisha kurasa zake nyingi, yakiwamo yale maelezo ya figo, na tulimwamini. Mfano alioutumia humu ulikuwa mahindi, nikafurahi, maana kwetu hakuna mtoto asiyelijua shamba la mahindi.

Msichana mrefu aliisoma mpaka mwisho. Akairudia. Kisha akasimama.

"Isipite," akasema.

"Kwa nini?"

"Mchoro umegeuzwa. Umeandikwa kwamba mbelewele, ile ya juu inayomwaga vumbi la njano, ndiyo ua la kike. Na ndevu za mahindi ndizo za kiume. Si ni kinyume, Madam?"

Nikachukua karatasi. Ilikuwa kweli. Nilikuwa nimeuangalia mchoro ule Kitale, nikauangalia tena kwenye printa, na macho yangu yakasoma kilichopaswa kuwapo, kama mzee alivyotabiri.

"Na kingine," akaendelea. "Inasema nyuki ndio wanaobeba lile vumbi kutoka juu hadi kwenye ndevu. Mimi nimepalilia mahindi tangu nikiwa mdogo. Nyuki nimewaona juu, wengi sana asubuhi. Kwa ndevu sijawahi kuona hata mmoja."

Hapo darasa likagawanyika. Wengine wakasema nyuki wapo, yeye hakuangalia vizuri. Mwingine akasema kama vitabu vyote vinasema ni upepo, basi ni upepo, kuna haja gani ya kubishana. Mzee wa Hisabati, ambaye alikuwa amezoea kupita siku za Ijumaa "kusikiliza tu," alisimama mlangoni.

"Ninyi mnabishana kama watu walio mbali na mahindi," akasema. "Shamba la shule liko hapo nyuma ya jikoni."

Mahindi yetu yalikuwa karibu kutoa ndevu. Tulikaa tukafikiri tufanyeje. Tukifunika mahindi machanga kwa karatasi kabla ndevu hazijatoka, hakuna upepo wala nyuki atakayefika, kwa hiyo hatungejua ni nani kati yao anayefanya kazi. Ni msichana mfupi mcheshi kutoka Tongaren, ndugu yake fundi wa kushona, aliyesema, "Chandarua." Wote tukamgeukia. "Chandarua kinapitisha upepo lakini hakipitishi mbu. Sasa nyuki atapitia wapi?"

Nakumbuka kelele zilizofuata. Nilikuwa nimefundisha miaka kadhaa kabla ya hapo, na nimefundisha mingi tangu hapo, lakini sijui kama nimewahi kuona darasa likisimama kwa pamoja vile bila kengele kulia.

Mmoja alileta chandarua kikuukuu cha kwao kilichotoboka. Walikata sehemu zisizotoboka, wakashona vifuko. Kwa vifuko vya karatasi tulitumia mifuko mitupu ya simiti, kwa sababu ilikuwa msimu wa mvua na karatasi ya kawaida ingelowa. Mahindi mengine yalivishwa chandarua, mengine karatasi, mengine yakaachwa wazi, yote katika mistari ile ile. Mpishi wa shule alitoka jikoni na mwiko wake, akashika kiuno.

"Madam, siku hizi mahindi yanalala kwa neti? Yana malaria?"

"Yanafanya mtihani," nikamjibu.

"Sawa. Lakini mkumbuke hayo ni chakula ya watoto."

Kila asubuhi kabla ya gwaride wasichana waliingia shambani na kurudi na sketi zimelowa umande. Walisimama kwa zamu wakiangalia nyuki. Waliwaona kwenye mbelewele, miguu yao imejaa unga wa njano, lakini kwenye ndevu hawakuwaona, siku baada ya siku. Upepo ulipovuma asubuhi jua likiwa limechomoza, waliweza kuliona lile vumbi likishuka, laini kama moshi, likitua kwenye majani, kwenye nywele zao, na kwenye vifuko vya chandarua.

Shule ilipokaribia kufungwa mwezi wa nane, mahindi yakawa mabichi ya kuchoma. Tukaenda kufungua. Hata walimu ambao hawakuwahi kukanyaga shamba lile walikuja. Mwalimu mkuu alikuja amevaa gamubuti. Msichana mrefu akalivua la kwanza la chandarua, akamenya. Lilikuwa limejaa, punje zimepangana kama meno ya mtoto mwenye afya. Akalivua la karatasi, akamenya. Gunzi tupu. Jeupe, laini, bila punje hata moja. Akamenya la pili, la tatu. Tupu, tupu. Yale ya chandarua yalijaa kama yale yaliyoachwa wazi, mengine kwa mapengo madogo, lakini yalijaa.

Hakushangilia. Alimpa mzee wa Hisabati lile gunzi tupu, naye akalishika kwa mikono miwili na kulitazama muda mrefu. "Huu," akasema hatimaye, "ndio uthibitisho." Kwa mtu wa Hisabati hakuna sifa iliyo kubwa zaidi ya hiyo.

Usidhani tulitaka kumwaibisha mwalimu yule wa mbali. Wasichana walisema hivi: mtu aliyetupa masomo yake bure ni jirani, ukiona paa la jirani linavuja unamwambia. Waliandika barua kwa pamoja, kila sentensi ikapiganiwa. Walianza kwa kumshukuru kwa maelezo ya figo. Kisha wakamweleza juu ya mchoro, juu ya nyuki, juu ya chandarua na mifuko ya simiti, na waliyoyaona. Wakachora mmea wa mahindi upya, msichana wa Tongaren akishika rula na yule mrefu akishika penseli. Nilivipeleka Kitale. Mama wa duka akaupitisha mchoro kwenye mashine ya skani kwa mkono wake mwenyewe, akaukagua kwenye kioo cha kompyuta, akaniuliza, "Hii ni kazi ya wasichana wenu? Wenyewe?" Akakataa kunitoza kwa skani hiyo.

Likizo ikaisha. Sikuwaficha wasichana kwamba huenda tusijibiwe. Watu hupokea barua nyingi. Lakini nilipopanda zile ngazi tena mwezi wa tisa, mama alinipungia mkono kabla sijafika juu. "Fungua barua yako haraka," akasema, kana kwamba yeye alikuwa ameshaisoma kupitia ukutani.

Jibu lilikuwa refu. Mwalimu yule alisema mchoro ule aliuchukua mahali pengine miaka mingi nyuma, na kwao mahindi huyaona yakiwa kwenye sahani. Alikuwa amekwisha kuuondoa. Aliomba ruhusa ya kuweka mchoro wa wasichana mahali pake, pamoja na jaribio lao lote, wakiliandika wenyewe kwa maneno yao, ili mwanafunzi popote penye mahindi na chandarua aweze kulifanya. Nilisoma jibu hilo nikiwa nimesimama. Nikamsomea mama wa duka kwa Kiswahili, naye akawaambia wateja wote waliokuwa humo, hata wale waliokuja kutafuta kazi na wale waliokuja kuangalia matokeo ya mpira.

Waliandika ukurasa ule kwa Kiingereza na kuuonja kama walivyoonja za watu wengine: waliwapa wasichana wa kidato cha kwanza, wakanyamaza, wakasubiri. Kidato cha kwanza hawakuelewa kipande kimoja. Wakakiandika upya. Nilipotaka kusaidia, yule mrefu aliniambia kwa adabu, "Madam, si ulisema mtu anyamaze?"

Ulipowekwa kwenye mtandao, mwalimu mkuu aliazima pikapu ya kanisa tukaenda nao Kitale Jumamosi moja. Wengi wao hawakuwahi kukaa mbele ya kompyuta. Mama wa duka alikuwa amefagia na kupanga viti viwili viwili, na kwenye mlango wa chini amebandika karatasi ya kuomba radhi kwa wateja. Kila kioo kilikuwa kimefunguliwa ukurasa ule ule. Picha ikaanza kushuka polepole: kwanza mbelewele, kisha majani, kisha ndevu, kila kitu na jina lake sahihi. Chini yake ilikuwa imeandikwa kwamba kazi hii ni ya wasichana wa shule moja ya magharibi mwa Kenya. Msichana wa Tongaren alilia na kucheka kwa wakati mmoja. Wengine walishika kioo kwa vidole, mama akawaacha.

Nilimtafuta msichana mrefu kwa macho. Alikuwa ameinama karibu na kioo, uso umekunjamana.

"Ni nini?" nikamuuliza. "Hujafurahi?"

"Nimefurahi, Madam. Lakini huu mstari umesogea. Jina la ndevu linaonyesha jani." Akanigeukia. "Tumwandikie?"

Tulimwandikia pale pale. Mstari ukarudishwa.

Kufikia mwisho wa muhula habari zilikuwa zimefika mbali, na nikaalikwa kwenye semina ya walimu wa sayansi mjini Bungoma kueleza jinsi tunavyochagua masomo ya mtandaoni. Nilienda na wasichana wawili, yule mrefu na yule wa Tongaren, nikawaambia wao ndio watakaosema. Ukumbi ulijaa walimu wa wilaya nzima. Walisimama mbele na gunzi lao tupu na lile lenye punje, yote mawili yamekauka sasa, wakaeleza kuonja ni nini. Mwalimu mmoja wa makamo aliinua mkono katikati ya maelezo.

"Sasa ninyi watoto wa kidato cha tatu ndio mtatuambia sisi kilicho sawa na kilicho makosa?"

Nilianza kuinuka. Mzee wa Hisabati, aliyekuwa amekuja kwa nauli yake na kukaa kando yangu, akaniwekea mkono begani nikakaa.

"Hapana, mwalimu," akajibu msichana mrefu. "Sisi tutawaambia tulivyoangalia. Mkiangalia mkaona tofauti, mtuambie."

Makofi yakaanza upande wa nyuma. Yule mwalimu wa makamo naye alipiga. Wakati wa chai alikuja kwao na karatasi zake mwenyewe, za Kemia, alizozipata kwenye intaneti, akawaomba wazionje. Walikaa naye mpaka chai yao ikapoa. Nyingi hawakuzipitisha. Mzee wa Hisabati alikuwa akitazama kwa mbali, biskuti mkononi, na akaniambia kwamba angependa kustaafu siku hiyo hiyo, kwa maana hataona siku nyingine kama ile.

Siku ya wazazi, mama yake msichana mrefu alikuja shuleni. Nilikuwa sijawahi kumwona. Alikuwa mama mwembamba, amevaa leso safi, bado wanakaa kwa shemeji yake wakisubiri kuona kama watarudi Endebess. Alinisalimia kwa mikono miwili.

"Mwarimu, ati mtoto wangu ameandika kwa kompyuta ya wazungu?"

Nilicheka, nikaenda nikamletea ukurasa niliouchapisha. Aliutazama ule mchoro muda mrefu, akiufuata kwa kidole kuanzia mizizi hadi mbelewele. Kiingereza hakukijua, akaniomba nimsomee. Nikamsomea kwa Kiswahili, sentensi moja baada ya nyingine: nyuki, upepo, chandarua, gunzi tupu. Binti yake alisimama pembeni akitazama chini.

"Na watu wanasoma hii wapi?" akauliza.

"Popote, mama. Mtu yeyote akitaka."

"Wanaripa?"

"Hapana. Ni bure."

Tangu mwezi wa kwanza familia ile ilikuwa ikiishi kwa kupewa: unga wa kanisa, sare ya jirani, chumba cha shemeji. Nililijua hilo, naye alijua kwamba nalijua. Aliinua uso akanitazama moja kwa moja, na sijaona uso wenye fahari kama ule.

"Basi na sisi tumepeana kitu," akasema.

Akaniomba karatasi ile. Nilitaka kuikunja ili iingie kwenye mkoba wake, akanizuia. Akaibeba wazi mkononi mpaka kwenye geti, na kila mzazi aliyesimama naye njiani alionyeshwa.